Spurgeon: Kijana aliyejaza makanisa London, kisha mzigo ukamlemea

Hebu niambie, msomaji wangu. Jumapili iliyopita uliketi wapi kanisani? Kama unasali katika mojawapo ya yale makanisa makubwa ya mjini, yenye ibada tatu kwa siku, huenda ulifuata mahubiri kwenye skrini ndani ya hema, pasta mwenyewe ukimwona kama kidoti kule mbele. Ama wewe ndiwe uliyefika saa kumi na moja alfajiri kupanga viti, ukaelekeza magari, ukashughulikia vipaza sauti, na ukarudi nyumbani umechoka kiasi kwamba hukumbuki hata mahubiri yalihusu nini.

Wengi hudhani makanisa ya aina hii yalizaliwa juzi, pamoja na televisheni. La hasha. Kuna kijana aliyekuwa na kanisa la maelfu zaidi ya miaka 160 iliyopita, bila kipaza sauti, bila bendi, bila hata kinanda. Na yale yanayowasumbua wachungaji na wafanyakazi wa makanisa makubwa leo, yeye aliyapitia yote, mengine kwa uchungu ambao ulimfuata hadi kaburini.

Jina lake ni Charles Haddon Spurgeon.

Turudi jioni ya Jumapili, Oktoba 19, 1856. Spurgeon ana miaka 22. Nyumbani ameacha mke na watoto pacha wa mwezi mmoja. Kanisa lake limefurika hata halitoshi tena, kwa hivyo wamekodisha ukumbi wa muziki ulio katika bustani za Surrey, kusini mwa London. Ukumbi wenyewe ni mpya na mkubwa ajabu. Ndani wameingia watu kama 10,000. Nje wamebaki maelfu wengine waliokosa nafasi.

Ibada imeanza tu, na maombi yanaendelea, mara sauti inasikika ikipiga kelele kwamba moto umezuka. Nyingine inadai roshani zinaporomoka. Hakukuwa na moto wowote. Hakuna roshani iliyokuwa ikianguka. Lakini jaribu kuwaambia hivyo watu 10,000 waliokwisha kusimama! Walikimbilia milangoni, kizuizi cha ngazi kikavunjika, watu wakaanguka na kukanyagana. Watu 7 walikufa na wengine 28 wakapelekwa hospitalini wakiwa na majeraha mabaya.

Spurgeon pale jukwaani hakuona vifo hivyo. Alijaribu kutuliza umati, na baadhi ya watu wakamwomba ahubiri, naye akahubiri kidogo. Alipokuja kuelewa kilichotokea, alizirai. Walimtoa wakiwa wamembeba, na kesho yake akapelekwa nyumbani kwa rafiki kule Croydon. Kwa siku kadhaa hakutaka kuona mtu, Biblia yenyewe ilimtoa machozi, na waliokuwa karibu naye walihofu kwamba akili yake ilikuwa imevurugika. Magazeti nayo hayakumhurumia. Yalimwita mwigizaji, mtu anayekusanya umati kwa ajili ya sifa, eti damu ya marehemu ilikuwa mikononi mwake.

Kijana wa miaka 22, hebu fikiria.

Lakini nimeruka mbele. Alitoka wapi huyu?

Alizaliwa Juni 19, 1834, katika kijiji cha Kelvedon, kaunti ya Essex, mashariki mwa Uingereza. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto 17, ingawa ni 8 pekee waliookoka na maradhi ya utotoni. Babake alifanya kazi ya ukarani kwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe na kuhubiri siku za Jumapili. Babu yake pia alikuwa mchungaji, katika kijiji cha Stambourne, na huko ndiko mtoto Charles alikopelekwa kulelewa akiwa angali mdogo sana.

Katika nyumba ya babu kulikuwa na chumba cha giza kilichojaa vitabu vikuukuu vya dini. Giza lenyewe lilitokana na kodi. Serikali ya Uingereza wakati huo ilitoza kodi ya madirisha (ndiyo, madirisha! kwa hivyo usidhani ni sisi tu tunaoona maajabu), na watu waliziba madirisha yao ili wasilipe. Mtoto huyo alikuwa akitoa vitabu humo gizani na kuvisoma kwenye mwanga. Kufikia ujana wake alikuwa amesoma maandishi ya watu waliokufa miaka 200 kabla yake kuliko wasomi wengi wa chuo.

Wokovu wake ulikuja Januari 1850, akiwa na miaka 15, katika mji wa Colchester. Theluji ilianguka sana Jumapili hiyo hata akashindwa kufika alikokuwa akienda, akajisitiri katika kanisa dogo la Wamethodisti lililokuwa na watu wachache tu. Mhubiri wa zamu naye alikuwa amezuiwa na theluji. Akasimama mtu wa kawaida, asiye na elimu kubwa, akashikilia aya moja ya nabii Isaya kwa sababu hakuwa na mengi ya kusema, kisha akamkazia macho yule kijana mgeni na kumwambia atazame kwa Kristo. Basi. Mtu aliyekuja kuhubiria maelfu alifikiwa na mhubiri wa kuziba pengo, mbele ya viti vitupu. Ukiwa wewe ndiwe unayefundisha watoto kwenye chumba cha nyuma huku sifa zote zikienda jukwaani, hiyo stori ni yako.

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 17, alikuwa tayari mchungaji wa kanisa dogo la Kibaptisti kijijini Waterbeach, karibu na Cambridge. Babake alitaka aende chuo cha theolojia. Ikapangwa akutane na mkuu wa chuo nyumbani kwa mtu mmoja mjini Cambridge. Spurgeon akafika kwa wakati, mjakazi akamwingiza katika chumba kimoja. Mkuu wa chuo naye akafika, akaingizwa katika chumba kingine. Wakangojana. Mjakazi hakumwambia yeyote. Mwishowe mkuu akaondoka kukimbilia gari lake la moshi kurudi London, na Spurgeon akabaki ameketi pale bila habari. Hakuenda chuo maisha yake yote. Shahada hakuwa nayo.

Desemba 1853 alialikwa kuhubiri katika kanisa la New Park Street, London. Hilo lilikuwa kanisa lenye jina kubwa na historia ndefu, lakini lilikuwa limechoka. Jengo lilitosha watu 1,200, na asubuhi hiyo sehemu kubwa ya viti ilikuwa mitupu. Mgeni wao alikuwa mvulana wa shamba mwenye nywele zisizotulia na kitambaa cha mfukoni cha samawati chenye madoadoa meupe. Binti mmoja aliyekuwa amekaa humo, Susannah Thompson, hakupendezwa hata kidogo na kitambaa hicho. Alikuja kuolewa naye mwaka wa 1856.

Mwaka wa 1854, kanisa lilimwita awe mchungaji wake. Alikuwa na miaka 19, na washiriki walioandikishwa walikuwa 232. Miezi michache baadaye kipindupindu kikaingia London. Spurgeon alizunguka nyumba kwa nyumba akiombea wagonjwa, na karibu kila siku alikuwa makaburini. Alichoka mwili na roho hadi akajiona naye anaugua. Siku moja akirudi kutoka mazishini aliona karatasi kwenye dirisha la fundi viatu, imeandikwa maneno ya Zaburi ya 91. Alisoma, akapata nguvu, akaendelea na kazi. Lakini zingatia jambo hili: mwaka wake wa kwanza tu, na tayari alikuwa ameufikia ukingo.

Umati ukaja. Walipanua jengo, likajaa tena. Wakakodisha kumbi. Barabara zikafungika kwa magari ya farasi. Wachoraji wa vibonzo walimchora apendavyo kila mmoja, na wachungaji wenzake, ambao wengi walikuwa na shahada na viti vitupu, walimbeza kuwa ni mwali wa karatasi usiodumu.

Na nyumbani? Kuna kisa kimoja cha wakati wa uchumba. Spurgeon alimchukua Susannah kwenda naye kwenye mkutano Kennington. Walipofika mlangoni umati ulikuwa mkubwa, naye, mawazo yake yakiwa tayari kwenye mahubiri, akaingia kwa mlango wa pembeni na kumsahau mchumba wake katikati ya watu. Susannah alirudi kwao akiwa amefura kwa hasira. Mamake alimtuliza kwa kumwambia kwamba mwanamume huyo ni mtumishi wa Mungu na hapaswi kumzuia katika kazi yake. Susannah alikubali ushauri huo na akauishi hadi mwisho. Mimi, kwa maoni yangu, naona mama alimtetea mkwe wake kupita kiasi. Wake na watoto wa wachungaji wengi wamelelewa kwa ushauri huohuo, na si wote waliotoka salama.

Turudi sasa kwenye mkasa wa ukumbi wa muziki. Wiki mbili baadaye Spurgeon alikuwa amerudi mimbarini. Kabla mwezi Novemba haujaisha alikuwa amerudi hata katika ukumbi uleule, ila safari hii ibada zilifanywa asubuhi. Umati uliongezeka. Waliokuja kumtazama kama kioja walibaki kusikiliza. Oktoba 7, 1857, katika siku ya kitaifa ya maombi, alihubiria watu 23,654 ndani ya Crystal Palace. Idadi hiyo ilihesabiwa mlangoni. Hapakuwa na kipaza sauti, nakukumbusha tena.

Ila ndani yake kitu kilikuwa kimevunjika. Kuanzia hapo, umati uliosongamana ulimtia hofu, na huzuni nzito ilimjia bila kubisha hodi, mara nyingi bila sababu ya kuonekana. Leo daktari angeiita unyogovu. Wakati huo hata jina la kuwaambia washiriki halikuwapo, na wapo Wakristo waliosema mhubiri mwenye huzuni ana upungufu wa imani. Spurgeon hakuficha. Aliwaeleza wanafunzi wake wa uchungaji, katika somo zima alilolitenga kwa jambo hilo, kwamba mchungaji anaweza kuanguka kabla ya ushindi mkubwa, baada ya ushindi mkubwa, na katikati ya kazi ndefu isiyo na mapumziko. Aliwaambia wapumzike, watembee, wavute hewa safi. Alijua anachosema. Kukitenda ndiko kulikomshinda.

Mwaka wa 1861, kanisa lilihamia jengo jipya, Metropolitan Tabernacle, karibu na Elephant and Castle. Liligharimu zaidi ya pauni 30,000 na lilifunguliwa bila deni hata senti, baada ya mchungaji mwenyewe kuzunguka nchi nzima akihubiri na kuchanga. Lilikuwa na nafasi ya watu wapatao 6,000. Wakati mwingine Spurgeon aliwaomba washiriki wake wa kawaida wasije kanisani Jumapili fulani, wawaachie wageni viti. Ni pasta gani leo atathubutu kutoa tangazo la aina hiyo?

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu watu husimulia mahubiri ya Spurgeon na kusahau swali gumu zaidi: unawachungaje watu 5,000? Kuwahubiria ni rahisi kuliko kujua nani amelazwa, nani ameacha kuja, nani anampiga mkewe.

Kanisa lake lilikuwa na mashemasi tu. Hao walishughulikia fedha, jengo na maskini. Spurgeon aliona kazi ya kiroho inawapita, na kabla ya kuhamia Tabernacle akalishawishi kanisa kuteua wazee pia. Mashemasi walihudumu miaka mingi, mara nyingi hadi kufa, bali wazee walichaguliwa upya kila mwaka. Mzee ndiye aliyekutana kwanza na mtu anayetaka kujiunga. Akiridhika, aliandika habari zake kwenye kitabu na kumpeleka kwa mchungaji. Kisha mjumbe alitumwa kwenda kuulizia mwenendo wake mtaani na kazini. Mwishowe mtu huyo alikuja mbele ya mkutano wa kanisa, ndipo akabatizwa kwa maji mengi. Hakuna aliyeingia kwa kunyoosha mkono tu wimbo ukiimbwa.

Na akishaingia? Kila mshiriki alipewa kadi yenye vipande 12 vilivyotobolewa tobolewa ili vichanike kwa urahisi, kila kipande na nambari yake. Kila mwezi, kwenye Meza ya Bwana, alichana kipande kimoja na kukitoa. Baadaye vipande vilihesabiwa dhidi ya daftari. Nambari yako ikikosekana miezi mitatu hivi, ulitazamia mzee wa kanisa mlangoni pako akikujulia hali. Kadi za karatasi tu! Leo tuna simu, tuna vikundi vya WhatsApp vya watu 500, na bado mtu anaweza kukaa mwaka mzima nje ya kanisa bila yeyote kujua kwamba alihamia Kitengela ama alifiwa.

Hakufanya kazi peke yake, na alijua kuchagua watu. Mkuu wa chuo chake cha wachungaji, George Rogers, hakuwa hata Mbaptisti. Hawakukubaliana kuhusu ubatizo wa watoto, lakini Spurgeon aliona uwezo wake, akamwamini na kumwacha afanye kazi kwa miaka mingi. Lavinia Bartlett alianza na darasa la wasichana wachache sana. Likakua likawa la mamia ya wanawake. Joseph Harrald alikuwa katibu wake, akapanga barua zilizofika kwa mamia kila wiki. Na mwaka wa 1868, James Spurgeon, nduguye mdogo mwenye kichwa cha utawala, aliteuliwa kumsaidia uchungaji. Bila James, nadhani Charles angekufa miaka 15 mapema.

Lakini kila walipompunguzia mzigo, aliongeza mwingine. Chuo cha wachungaji, alichokianza akiwa na mwanafunzi mmoja, kilitoa wanafunzi karibu 900 alipokuwa hai. Kulikuwa na jarida la kila mwezi. Mahubiri yalichapishwa kila wiki kwa bei ya senti moja ya Uingereza. Mjane Anne Hillyard alimwandikia kwamba anataka kutoa pauni 20,000 kujenga makao ya mayatima. Inasimuliwa kwamba Spurgeon na shemasi wake walipofika nyumbani kwake waliona ni nyumba ya kawaida mno, wakadhani sifuri zimezidi, wakamwambia wamekuja kuhusu zile pauni 200. Akashangaa, kwani aliandika 200? Alimaanisha 20,000. Makao hayo yakajengwa Stockwell, na watoto wakaishi katika nyumba ndogondogo kama familia, kila nyumba na mlezi wake.

Mwaka wa 1884, Spurgeon alipotimiza miaka 50, orodha ya mashirika na huduma zilizohusiana na kanisa lake ilisomwa mbele ya watu. Zilikuwa 66. Nyingi kati ya hizo zilimtegemea yeye kuchanga fedha, kuandika barua, kutatua ugomvi. Hapo ndipo ninapomlaumu. Mtu aliyewafundisha wengine kupumzika alijenga nyumba ambayo nguzo yake ya katikati ilikuwa kifua chake mwenyewe.

Kuhusu pesa, lazima nimpe haki yake. Waumini walipomchangia zaidi ya pauni 6,000 mwaka wa 1879 kuadhimisha miaka yake 25 ya uchungaji, hakuzitia mfukoni. Zilienda kwenye nyumba za wajane wazee na kazi nyingine za kanisa. Na kabla ya hapo alikuwa amepata hasara kwa sababu ya msimamo wake. Mwishoni mwa 1859 alimkaribisha John Andrew Jackson, mtu aliyetoroka utumwa South Carolina, aeleze kanisani aliyoyapitia. Kisha Spurgeon mwenyewe akaandika wazi kwamba utumwa ni dhambi na mwenye kumiliki watumwa hana nafasi kwenye meza ya ushirika. Kusini mwa Marekani vitabu vyake vilichomwa moto, akatishiwa maisha, na mauzo ya mahubiri yake huko yakaanguka. Pesa za mauzo hayo ndizo zilizokuwa zikigharimia chuo chake. Hakubadili neno.

Usidhani nakuchorea malaika. Alivuta sigara kubwa na kujitetea hadharani mwaka wa 1874, magazeti yakapata cha kuandika. Alikuwa na ulimi mkali. Na alizoea kuwa kauli yake ndiyo ya mwisho.

Mahubiri yake yalifika hata huku kwetu barani. David Livingstone alipofariki mwaka wa 1873 kusini mwa Ziwa Bangweulu, na mwili wake ukabebwa na Waafrika waliokuwa naye hadi Bagamoyo, miongoni mwa vitu vyake kulikutwa nakala ya mahubiri ya Spurgeon, imechakaa, Livingstone ameandika juu yake kwamba ni mazuri. Mahubiri yenyewe yalihusu ajali, na kwa nini wanaokufa ndani yake wasihesabiwe kuwa wenye dhambi kuliko wengine. Ukikumbuka ukumbi wa muziki, utaelewa kwa nini mada hiyo ilimgusa.

Tangu umri wa miaka 35 hivi jongo lilimshika miguu na mikono, baadaye na figo. Mkewe naye akawa mgonjwa wa kukaa ndani kwa miaka mingi, ingawa kutoka kitandani kwake alianzisha mfuko wa kuwapelekea vitabu wachungaji maskini. Majira ya baridi Spurgeon alikwenda Menton, kusini mwa Ufaransa, kutafuta jua. Aliporudi alikuta kazi ya miezi miwili ikimngoja.

Kisha ukaja ugomvi uliommaliza. Mwaka wa 1887 alilalamika kwamba baadhi ya wachungaji katika umoja wa Wabaptisti walikuwa wakiacha mafundisho ya msingi. Hakutaja majina, nao wakamtaka athibitishe. Oktoba mwaka huo alijiondoa katika umoja huo. Januari 1888 baraza lake likapitisha azimio la kumkemea. Miezi michache baadaye mkutano mkuu ulipitisha tamko la maelewano kwa kura 2,000 dhidi ya 7, na aliyesimama kuliunga mkono hoja hilo likapita alikuwa James, nduguye na msaidizi wake. James aliamini anapatanisha. Charles aliona ni pigo. Baadhi ya wanafunzi aliowasomesha mwenyewe nao walimpinga. Unaweza kubishana nani alikuwa na haki, na watu wanabishana hadi leo. Ila walioishi naye walisema vita hivyo vilimkatia miaka.

Juni 7, 1891, alihubiri Tabernacle kwa mara ya mwisho. Alikuwa na miaka 56 na alionekana mzee wa 70. Mwishoni mwa mwaka huo alipelekwa Menton, na safari hiyo, kwa mara ya kwanza, Susannah alipata nafuu ya kutosha kusafiri naye. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuliona jua ambalo mumewe alikuwa akimwandikia habari zake. Walikaa pamoja miezi mitatu. Alifariki usiku wa Jumapili, Januari 31, 1892, akiwa na miaka 57. Babake mzazi alikuwa bado hai.

London ilisimama. Makumi ya maelfu walipita mbele ya jeneza Tabernacle, na Februari 11 akazikwa makaburi ya Norwood. Kanisa lililokuwa na watu 232 sasa lilikuwa na washiriki 5,311.

Na watu hao 5,311 hawakukubaliana nani awaongoze. Wakati wa ugonjwa wake alikuwa ameletwa Mmarekani, Arthur Pierson, kushika mimbari. Pierson alihubiri vizuri na wengi walimpenda, James akiwa miongoni mwao. Tatizo, alikuwa Mpresbiteri, hajabatizwa kwa maji mengi. Wengine walimtaka Thomas, mmoja wa wale pacha, aliyekuwa mchungaji kule New Zealand. Kambi mbili zikaundwa. Barua zikaandikwa magazetini. Kura zikapigwa. Thomas akashinda, na kufikia 1894 akathibitishwa kuwa mchungaji. James akaondoka.

Aprili 1898 Tabernacle ikaungua, ikabaki nguzo za mbele na kuta. Thomas alizunguka kuchanga kama babake alivyozunguka, akalijenga upya na kulifungua mwaka wa 1900, safari hii likiwa dogo kuliko la kwanza. Mahubiri ya babake yaliendelea kutoka kila wiki, hadi karatasi ilipoadimika wakati wa vita, mwaka wa 1917.

Thomas mwenyewe alijiuzulu mwaka wa 1908. Afya ilikuwa imemshinda.